Ukuta wa Mama Akinyi

Mwanangu, somo hili lilinigharimu fahali mzima, na hakuwa amekonda.

Bado naiona siku ile sokoni Oyugis. Tulikuwa tumemchagua rais mpya, baada ya miaka mingi ya mtu mmoja ambaye picha yake ilikuwa lazima itundikwe kila duka. Mimi, kijana wa Ntimaru, nikapiga hesabu, nikairudia: rais mpya, picha mpya, kuta zote zile. Nikauza fahali, nikanunua katoni nzima ya picha.

Nikaanzia hoteli ya Mama Akinyi, muuza chai na samaki.

"Huyu nimempigia kura," akasema. "Nimemwimbia mpaka sauti ikakauka. Lakini picha sitaki."

Nikapunguza bei. Akakataa. Ndipo nikafanya ujinga: "Mama, na Chifu akipata ukuta uko wazi?"

Nilijua panapomuuma. Chifu huyo aliwahi kumfungia hoteli wiki nzima kwa sababu picha ya yule wa zamani ilishika moshi wa jiko. Kweli, rais mpya alikuwa amewaonya machifu redioni wasimsumbue mtu kwa ajili yake. Nilidhani ni siasa tu.

Akaniita nyathina, yaani mwanangu, kwa upole ulioniumiza. "Nimengoja miaka yote nipate rais ninayeweza kumkatalia. Sasa unataka kunirudisha?"

"Nani anarudishwa wapi?" Chifu alikuwa mlangoni.

"Huyu anauza picha ya rais, Chifu. Mimi nimekataa kununua."

Wateja wakaacha kutafuna. Chifu akatazama ukuta, akatazama katoni yangu, akavuta kiti.

"Lete chai," akasema. "Na sukari usinibanie."

Mwanangu, wengine humshukuru rais yule kwa barabara. Mimi namshukuru kwa kikombe kile cha chai. Angeweza kudai kuta zetu zote, na hakudai hata mmoja.

Kwa hiyo mpende kiongozi wako, mwimbie ukitaka, ila usimtishe jirani kwa jina lake, hata kama una mzigo wa kuuza. Mungu akupe viongozi wanaokubali kukataliwa, na akupe ulimi wa kukataa bila kutetemeka.

Siku hiyo sikuuza kitu. Mama Akinyi akanipakulia samaki na ugali, akakataa malipo. Sasa ametutoka. Wewe umesoma, hebu nishauri: asante yangu niipeleke wapi?