Dohani ya Nyumba ya Langoni

Nilikwenda Uingereza kwa sababu kanisa letu lilialikwa kupeleka fundi mmoja akaone nyumba za kale zinavyotunzwa, nami ni mwashi. Niliondoka kijijini, karibu na Shinyanga, nikiwa na hofu. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na watu walianza kumtazama mama yangu, mjane mwenye macho mekundu. Kwetu, miaka hiyo ya tisini, vikongwe wenye macho hayo waliitwa wachawi, na wengine waliuawa kwa mapanga. Lisemwalo lipo, walinong'ona kisimani.

"Nenda," mama aliniambia. "Macho haya ni moshi wa mavi ya ng'ombe ninayopikia. Mungu anajua."

Mungu sikumwogopa. Niliwaogopa majirani.

Siku ya nne nilifika. Nyumba ilikuwa ndogo, ya paa la nyasi, langoni mwa shamba la tajiri, iliyojengwa zamani kwa ajili ya mlinzi wa lango. Nilijicheka: nimepanda ndege kuja kutazama nyasi. Lakini paa lile lilikuwa nene kama urefu wa mkono hadi kiwiko, limekatwa likapinda juu ya madirisha kama nyusi. Nguzo za baraza zilikuwa magogo yenye magome yake, na katikati ya nyasi ilichomoza dohani ndefu ya matofali ya kutolea moshi.

Mwenyeji wangu, bibi kizee aliyeishi peke yake, aliwasha kuni sebuleni. Nilisubiri kukohoa, sikukohoa. Macho yake yalikuwa meupe.

"Huogopi paa kushika moto, bibi?"

"Ndiyo maana dohani ni ndefu. Cheche huzimika kabla hazijaangukia nyasi."

Nilipima meko na dohani kwa kamba, nikifunga fundo kila kipimo.

Mwezi uliofuata nilishuka stesheni ya Shinyanga, nikaazima baiskeli. Kwa mbali niliona paa la mama halifuki moshi. Nilikanyaga pedali kwa nguvu hadi mlangoni, nikaitupa baiskeli, nikaingia.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa ameketi gizani, amekonda. "Sijawasha moto tangu uondoke. Natafuna viazi vikavu. Nilidhani macho yatatakata."

Hayakuwa yametakata.

Nilijenga dohani nikifuata mafundo ya kamba. Moshi ukatoka nje, wekundu ukabaki. Nilijifunza kwamba mwashi huweza kuondoa moshi, lakini maneno ya watu hawezi kuyaondoa. Kila asubuhi nikienda kumwamkia mama, nikiwa bado njiani, natazama kwanza kama dohani inatoa moshi.