Mashua ya Matumbo Mawili

Mwaka baada ya Uhuru, baba yangu mdogo Nicanor aliuza mtumbwi wake wa kuvulia hapa Sori, akanunua mashua ya tanga ya Mzungu aliyekuwa akihama Homa Bay. Ilikuwa na matumbo mawili membamba ya kuelea, na turubai limetandazwa katikati. Isipotembea, basi hana tena chombo cha kulisha nyumba.

Sisi huku mtumbwi wa tanga tunautuliza kwa mawe ili upepo usiupindue. Nicanor akapanga mawe juu ya turubai, akapandisha tanga. Mashua ikakaa tu majini kama ng'ombe aliyeshiba.

"Yawa, huu si mtumbwi! Umeoa wawili na hakuna anayeamka!" wavuvi wakacheka, wakiyaonyesha matumbo yale mawili.

Akatupa mawe yote. Upepo ukaipiga, tumbo moja likainuka, nusura apinduke. Akarudi ufukweni akihema.

"Inataka uzito unaosogea. Nani anapanda?"

Wote wakarudi nyuma. Ndipo mkewe, Phelesia, akafunga leso kiunoni, akaingia majini.

"Mwanamke hapandi mtumbwi!" mzee Cephas akafoka.

"Si mmesema huu si mtumbwi?" Phelesia akajibu, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Elijah, nikae wapi?"

"Upande wa upepo. Ikiinuka, lala nje."

Ikainuka. Phelesia akalala nje, mgongo juu ya maji, na tumbo lile la mashua likabaki hewani likidondosha matone, lisipinduke. Sijawahi kuona mbao zikienda vile. Wakaipita mitumbwi yote. Cephas alivua kofia kama tuko kanisani.

Tangu siku hiyo Nicanor hakwenda kutega nyavu bila Phelesia.