Ziwa Lenye Kina Kuliko Yote

Habari za kifo cha Mwalimu zilinifikia kwa simu nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Eldoret mjini, na baada ya huzuni, kilichofuata kilikuwa kichefuchefu. Nisamehe, msomaji wangu, najua mtu haombolezi hivyo. Lakini ujumbe wenyewe, uliokuwa ukirushwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine, ulisema tumempoteza mwalimu mashuhuri wa Kiingereza wa shule ya Yamumbi. Kiingereza! Mama yule alifundisha jiografia mpaka akastaafu. Watu chungu nzima walikuwa wameshaandika “pumzika kwa amani” na hakuna aliyejali kusahihisha. Nikasahihisha mimi. Mmoja akanijibu, “Wewe nawe, hata kwa matanga unaleta ujuaji?” Nikarudisha simu mfukoni, maana foleni ilikuwa imesonga.

Kwa wasiomjua, Mwalimu ndiye aliyekuwa akiuliza maswali kila Alhamisi jioni kwenye baa moja ya nyama choma hapa mjini. Kila meza ilikuwa timu: walimu, wauza mbegu, sisi watu wa magazeti, na jamaa waliotoka pande za Ziwa Victoria kuja kufanya kazi huku. Waliojua mengi walikula mguu wa mbuzi. Kabla ya swali la kwanza, Mwalimu alipitisha sufuria kubwa ya ugali, kila mtu akatumbukiza simu yake humo, kisha akaifunika na kuisukuma chini ya kiti chake. Ukijibu, hakukubali haraka. Alikutazama juu ya miwani akauliza, “Una uhakika ama unabahatisha?” Ukikosa, alisema, “Jibu si sahihi. Linapita,” na swali likaenda meza inayofuata. Alimwambia hivyo daktari, akamwambia hivyo mchoma nyama, kwa sauti ileile. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo tu, wala hatukuwahi kuwa marafiki wa kutembeleana.

Jioni moja aliuliza ni ziwa gani barani Afrika lenye kina kirefu kuliko yote. Mkandarasi mmoja wa barabara, mtu mnene wa sauti na mfuko, akasimama kwenye meza ya jamaa wa ziwani. “Victoria!” Mwalimu akamuuliza kama ana uhakika. “Uhakika gani tena, Mama? Mimi nimezaliwa hapo kando. Nimeogelea hilo ziwa!” Mwalimu, ambaye naye alizaliwa kando ya ziwa hilohilo kabla ya kuolewa na mkulima wa Soy, akamwambia, “Hata mimi nimeogelea, ndugu yangu. Kuogelea si kupima kina. Victoria ni pana. Jibu si sahihi, linapita.” Baa nzima ikaangua kicheko. Mkandarasi hakucheka. Muuguzi mmoja wa meza yake, binti mwenye heshima zake, akanung’unika, “Haki Mama, hata wewe unatuangusha sisi watu wako?” Mwalimu akamjibu kwamba ziwa halina kabila, na meza zote zilipokosa akalitaja jibu mwenyewe, kisha akasoma swali lililofuata.

Sasa sikiliza uchafu uliofuata. Mkandarasi ndiye aliyekuwa akinunulia meza zote vinywaji, kwa hiyo mwenye baa alimwita Mwalimu pembeni akamwambia, “Mwalimu, watu wanakuja hapa kufurahi, hawaji mtihani.” Alhamisi iliyofuata tukamkuta kijana wa santuri ameshika kipaza sauti. Sufuria ilikuwa imerudi jikoni. Na kanuni mpya ikatangazwa: meza zikibishana, jibu litakaloshangiliwa zaidi ndilo litakalohesabiwa. Ebo! Nilikaa hapo nikashuhudia watu wazima, wengine wana digrii zao, wakipitisha kwa makofi kwamba popo ni ndege. Mkandarasi akala mguu wa mbuzi, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Nililipa soda yangu nikaondoka na sijarudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Huenda, ila siku hizi imetiwa lami, na tunajua ni nani aliyepewa kandarasi.

Lakini nilidhani uchafu huo utabaki baa. Kumbe wapi. Tulipomzika Mwalimu kule Soy, kwenye shamba la mumewe, padri alikuwa katikati ya mahubiri gari kubwa lilipoingia likakanyaga mahindi. Mkandarasi huyo, ambaye sasa anatafuta kura. Msimamizi wa shughuli akamkatiza padri, naam, akamkatiza padri, ili mheshimiwa asalimie waombolezaji. Akashika kipaza sauti, akapangusa jicho lililokuwa kavu, akasema: “Huyu Mama alikuwa mwalimu wangu wa maisha. Yeye ndiye alinifundisha kwamba Ziwa Victoria ndilo lenye kina kuliko maziwa yote ya Afrika. Na mimi nasema, moyo wake ulikuwa na kina kama hilo ziwa!” Watu wakapiga makofi. Wakapiga vigelegele! Niliona kinyaa hadi mate yakanijaa mdomoni. Mtu alimnyang’anya kiti chake kwa ajili ya jibu lile, na sasa anamvisha jibu lilelile mbele ya jeneza lake, ili azikwe nalo. Mama wa watu aliyekuwa na mali moja tu ya kuachia dunia, kwamba hakuwahi kusema asilolijua.

Ndipo Mzee, mumewe, aliposimama. Ni mtu wa maneno machache, mkulima wa ngano na ng’ombe. Hakuomba kipaza sauti. “Kijana,” akamwita yule mheshimiwa mwenye mvi, “una uhakika ama unabahatisha?” Mkandarasi akacheka kidogo, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. “Ah, Mzee, si hivyo ndivyo Mama alikuwa anasema?” Mzee akatikisa kichwa. “Jibu si sahihi,” akasema. “Linapita.” Akageuka kulikabili hema la watu waliotoka ziwani, akasubiri.

Kisha muuguzi yule, binti aliyenung’unika siku ile baa, akainuka polepole, leso imemlowa mkononi. “Ni Tanganyika,” akasema. Mzee akamuuliza, “Una uhakika?” Akajibu, “Niko na uhakika, Mzee. Ni yeye alituambia.” Mzee akasema, “Sahihi,” akaketi, akamwashiria padri aendelee. Hakuna aliyepiga makofi, na ndiyo heshima pekee ya kweli niliyoiona siku hiyo.

Kwa hiyo msiniambie matanga si mahali pa ujuaji. Tumekuwa watu wa kushangilia: tunashangilia barabarani, kanisani, kwenye simu, na sasa kando ya kaburi. Shangilieni basi mpaka viganja vichubuke. Makofi hayajawahi kuongeza hata kidole kimoja cha maji ziwani, na anayenyamaza uongo unapopigiwa makofi amepiga makofi pia.