Mkono wa Tui

Kwetu Malindi ukisema wali, nazi imo. Hakuna haja ya kuitaja. Kwa hivyo daktari alipomkataza mama nazi kwa ajili ya moyo wake, mama aliona amekatazwa wali, na kwake yeye wali ndio chakula. Vingine vyote vilikuwa vya kupitishia wakati tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye, na ni mkaidi kama yeye. Nikaanza kupika sufuria mbili: kubwa ya wali wa watoto wangu, na ndogo, yake, ya mchele wa maji na chumvi kidogo. Siku ya kwanza alitia tonge moja mdomoni, akatafuna taratibu, akaisukuma sahani.

"Huu ni mchele uliochemshwa, mwanangu," alisema. "Wali ni kitu chengine."

"Ni dawa, mama. Kula."

Hakula. Siku zikapita, mashavu yakabonyea, leso ikawa inamzunguka mara mbili. Niliogopa. Nilimnyima nazi ili nisimpoteze, na huku namwona akipotea kwa njaa mbele ya macho yangu.

Jumamosi moja nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi ya watoto, mama akaja akavuta kigoda.

"Lete hapa. Wewe wakama tui kama mtu afuaye nguo."

Nikampa. Mikono yake ilikuwa imenyauka lakini kazi inaijua. Akatia maji ya vuguvugu, akaifinyafinya ile nazi, akakamua, likatoka kasimile, lile tui zito la kwanza. Nikaliweka kando. Akakamua tena, tui jepesi la kupikia mchele. Wali ulipokaribia kukauka nikamimina kasimile, nikafunika, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Nyumba nzima ikanukia. Mama alikaa pale pale jikoni, macho kayafumba.

Tulipoketi mkekani nikazungusha maji ya kunawa. Nilipofika kwake akarudisha mkono nyuma. Mama huyu huyu, aliyetulea kwa makofi ya mgongoni kila tuliposahau kunawa.

"Mimi n'shanawa," alisema.

"Hukunawa, mama. Nimekuona."

"N'shanawa, nakwambia."

Nikasonya kimoyomoyo, nikaendelea na wengine. Kisha nikamtazama. Alimega mchele wake wa maji kwa vidole vile vile vilivyokamua tui, akaleta tonge hadi puani, akatulia kidogo, ndipo akatia mdomoni. Akamega tena. Alimaliza sahani, akaomba nyongeza. Nilifurahi hata nikashindwa kula changu.

Toka siku hiyo tui likawa kazi yake. Nami kila nikizungusha maji, nikifika kwake nilimpita, kana kwamba nimemwona akinawa. Hatukulizungumza hata mara moja. Mwili ulimrudi, na ugomvi wake pia, na alipotutoka miaka kadhaa baadaye, haikuwa kwa njaa.

Siku hizi nakama tui mwenyewe, na bado nakama kama mtu afuaye nguo. Daktari hajanikataza chochote. Lakini tukiketi mkekani, binti yangu wa mwisho huniletea birika na bakuli.

"Mama, nawa."

Namwambia n'shanawa.