Siku Fundi Alipokataa Kwenda Kuleta Spea

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo inanirudia kila ninaponusa mvuke wa rejeta. Nilikuwa bado msichana, nimesimama kando ya haisi ya babu yako kwenye mlima wa kwenda Ibaba, na nilikuwa namwomba Mungu kitu ambacho hata leo naona haya kukitaja. Nilikuwa naomba kijana mmoja aseme uongo.

Keti kwanza. Najua kichwa kinakuuma, umesema tangu asubuhi nami sijakubishia. Lakini Mama Nuru amenipigia mimi, kwa sababu simu yako haipatikani. Gari lake ulilolitengeneza ukamkabidhi jana limechemsha mlimani, mbele kidogo ya Mpemba, akiwa na mizigo yake ya kupeleka Isongole. Nimemwambia azime injini, asiguse kifuniko cha rejeta, asikubali mtu alimwagie maji ya baridi, akae pembeni mpaka lipoe. Unajua kunishinda kwamba injini ikishapata joto la namna ile haipoi haraka. Basi tuna muda wa kikombe cha chai, na mimi nina la kukusimulia.

Babu yako alikuwa na haisi iliyokuwa ikibeba watu na mizigo kutoka hapa Tunduma kwenda Ileje, enzi ambazo barabara ile ilikuwa udongo mtupu na mvua ikinyesha abiria wanashuka kusukuma. Alikuwa mtu mwema lakini hasira zake zilikuwa karibu sana, na hasira hizo alikuwa amewawekea mafundi. Kwa maoni yake hakuna fundi aliyewahi kusema kweli tangu dunia iumbwe. Ndiyo maana alikuwa na sheria yake moja: gari likitoka gereji, fundi apande. Si kuzunguka mtaani tu, hapana. Apande mpaka Ibaba na kurudi, akae kiti cha mbele, na kila mlio alioutengeneza ausikie kwa masikio yake. Mafundi walimkimbia kwa ajili ya hilo. Mmoja aliomba kushuka Mpemba akachukue spana aliyoisahau, na nadhani bado anaitafuta.

Sasa gasketi ya ile haisi ikaungua, na fundi wake wa siku zote alikuwa amevuka upande wa Zambia kutafuta maisha. Kazi akapewa kijana aliyeitwa Ipyana. Huyo ni baba yako, ingawa siku hizo hakuwa bado baba wa mtu. Alikuwa mwembamba, shati limejaa oili, na kidevuni ana vindevu alivyovitunza kuliko vilivyostahili. Wewe umezoea kusikia kwamba tulipendana kwayani. Ni kweli, tulipendana kwayani. Ila kupendana ni jambo moja na kuoana ni jingine, na kati ya hayo mawili alikuwa amekaa babu yako. Ipyana alikuwa ameshatuma mshenga nyumbani. Baba akamkaribisha, akamlisha, akamwambia, "Nimesikia," kisha akanyamaza wiki baada ya wiki. Mama aliponong'ona kwamba kijana anasubiri jibu, Baba alisema hawezi kumpa binti yake mtu wa kusema "njoo kesho". Kwa nini basi alimpa gari lake alitengeneze? Sijui mpaka leo. Sikuwahi kumuuliza, na sasa yeye hayupo wa kuulizwa.

Asubuhi ya safari ilikuwa na ukungu. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya mpakani kama kawaida, madereva wanapiga mswaki pembeni mwa barabara. Mimi nilisema nampelekea bibi yangu chumvi na kanga kule Ibaba. Bibi hakuwa na shida ya chumvi. Nilikaa kiti cha nyuma ya dereva ili nimwone Ipyana shingo, nikacheka peke yangu kama mjinga. Baba alikuwa anaendesha, Ipyana yuko mbele pembeni yake, na nyuma walijaa abiria wengine, wakiongozwa kwa mdomo na Mama Sekela, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza vitenge alivyovinunua kwa Wazambia.

Tukapita Mpemba, tukaanza kupanda. Gari lilikuwa linavuta vizuri, hata Baba akapiga mluzi kidogo. Nikaona mambo yangu yanakaribia kunyooka. Kisha mluzi ukakoma. Nikachungulia kati ya viti nikaona mshale wa joto unapanda pole pole, na Baba anautazama, na Ipyana anautazama. Tulipofika kwenye kona ya juu mvuke ukaanza kutoka chini ya viti vya mbele, maana injini ya haisi wameikalia. Abiria wakapiga kelele. Baba akasimamisha gari, mtu akaruka kuweka jiwe nyuma ya tairi, tukashuka sote kwenye upepo ule wa Ileje unaopita hadi mifupani.

Baba alinyanyua kiti, akachukua kitambaa, akapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Hasira zilikuwa zimemjaa, hakufikiri. Na hapo Ipyana akamshika mkono.

Mwanangu, fikiria. Unamposa binti wa mtu, hujajibiwa, gari ulilolitengeneza linatoa moshi mbele ya abiria, halafu unamshika mkwe wako mkono kwa nguvu. Baba alimtazama, nikajua ameshatafuta tusi na amelipata.

Ipyana akasema, "Mzee, nitukane kwanza. Ukimaliza kunitukana litakuwa limepoa, tutafungua."

Mama Sekela ndiye aliyecheka wa kwanza. Baba hakucheka, lakini kitambaa alikirudisha. Na kutukana alitukana kweli.

Akiwa bado anaendelea likatokea fuso linashuka kuelekea Mpemba. Dereva wake alimfahamu Ipyana, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Fundi, vipi? Panda twende mjini ukatafute spea!" Akamkonyeza, na kila mtu pale alilielewa konyezo hilo. Fundi akikwama hupotelea kwenye spea. Ataenda kuifuata dukani, duka litakuwa limefungwa, kesho atasema imeagizwa Mbeya, na keshokutwa utamsikia yuko Galula anatengeneza pikipiki za wachimbaji.

Baba akakunja mikono kifuani. "Nenda basi, fundi. Kalete spea."

Na Mama Sekela, ambaye alikuwa na huruma licha ya mdomo wake, akaongeza kwamba mlima huu umeua magari mapya, seuze kuukuu kama hili. Alikuwa amemfungulia kijana wa watu mlango. Alichotakiwa kufanya ni kuitikia tu. Nami nikaanza maombi yangu niliyokuambia. Ee Mungu, aseme ni mlima. Aseme gari ni la zamani. Baba mwenyewe anajua gari ni la zamani, atamezea, na mshenga atajibiwa.

Ipyana alimwashiria dereva wa fuso aende zake. Kisha akasema, na wala hakupunguza sauti, "Hakuna spea iliyoharibika, Mzee. Kosa ni langu. Gasketi nimefunga sawasawa, ila maji nilijaza kwa haraka. Ilitakiwa niiache injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa yote itoke. Sikusubiri. Hewa imebaki ndani, maji hayazunguki. Nilitaka upate gari lako mapema, unione mchapakazi."

Nilimchukia, mwanangu. Nasema kweli, kwa dakika ile nilimchukia kabisa. Abiria walimvamia kwa maneno. Mama Sekela yule yule wa huruma akageuka. "Yaani nakosa soko langu, nagandishwa na baridi, kwa sababu wewe una haraka ya kusifiwa? Mukwai!" Hilo "mukwai" la heshima alilichukua kwa Wazambia, ila siku hiyo halikuwa na heshima ndani yake. Ipyana hakujitetea. Aliomba radhi, akachukua dumu, akateremka bondeni kwenye kijito.

Alipanda na kushuka na dumu lile mpaka suruali ikalowa magotini. Alisubiri injini ipoe kweli, siyo ya kujidanganya, anaweka kiganja karibu na mpira wa juu wa rejeta, anautoa, anangoja tena. Ndipo akafungua kifuniko taratibu na kitambaa. Akajaza maji, akamwomba Baba awashe injini na kufungua hita. Bahati nzuri gari lilikuwa limeelekeza pua juu, hewa ikapata njia ya kupanda na kutoka. Akawa anaubinya mpira ule kwa mkono na kuuachia, maji yanatoa mapovu, yanashuka, anaongeza, yanatoa mapovu tena. Mimi sikujua kitu cha injini, lakini nilikuwa nimeinama pale natazama mapovu yale. Yalipokoma, maji yakatulia, akafunga. Mshale ulikaa katikati mpaka Ibaba.

Tulifika soko limeshatawanyika. Ipyana akajitwika mzigo wa Mama Sekela, akaupeleka mpaka mlangoni kwake, na yule mama akamsema njia nzima, ila walipofika akampa kiazi cha kuchoma.

Jikoni kwa bibi mimi nilikuwa nimenuna, nakoroga uji kama nagombana nao. Baba akaingia kuota moto. Akaniuliza nina nini. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia, "Si angesema tu ni mlima!"

Alivuta kigoda, akakaa karibu yangu, na kwa mtu mkali kama yeye sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Ulitaka anidanganye mimi, ili nimpe wewe? Mtu atakayenidanganya ili akupate, akishakupata atamdanganya nani? Utakuwa umebaki wewe tu ndani ya nyumba." Kisha akasema jambo ambalo limeniuma na kunifariji kila nilipolikumbuka. "Nimepandisha mafundi wengi gari hili, binti yangu. Wote walikosea, na mimi nakosea. Leo ndiyo mara ya kwanza mmoja wao kubaki."

Nilitamani ardhi inifunike. Nilikuwa nimeomba nipewe mume mwongo, na Mungu alikuwa na akili kuliko mimi.

Wakati wa kurudi Baba alitoa ufunguo mfukoni akamrushia kijana. Siku nzima alikuwa amemwita "wewe fundi". Sasa akasema, "Ipyana, endesha wewe, mimi nimechoka." Tulipokaribia Mpemba akaongeza, huku anatazama nje dirishani, "Na yule mshenga wako, mbona haji tena nyumbani?" Gari lilienda upande mmoja kidogo. Nafikiri baba yako alisahau usukani.

Unajua yaliyofuata, wewe mwenyewe ni mojawapo. Usichokijua ni mara ngapi baba yako alirudi nyumbani kwa miguu, ana vumbi hadi kope, kwa sababu alikuwa amepanda gari la mteja wake, likawafia njiani. Nilimpikia, nikamcheka, nikamkanda miguu. Natamani nimkande tena. Siku tuliyomzika, haisi zilijaa kutoka kanisani mpaka barabara kuu, na wenye magari walisimama makaburini kofia mkononi. Hakuna aliyesema kwamba marehemu hakuwahi kukosea, mwanangu. Wangesema hivyo ningewacheka hata kwenye msiba. Mama Sekela, mzee sana, ameshikwa mkono na wajukuu, alisema tu, "Huyu alikuwa anabaki na sisi."

Kwa hiyo sikugombezi kwa sababu gari la watu limechemsha. Mikono inayofanya kazi hukosea, na huenda wewe nawe ulikuwa na haraka, maana nilikuona jana ukiangalia saa. Ninachokuomba ni hiki. Kosa lako lisiwafikie watu wakiwa peke yao barabarani. Liwakute uko nao. Ukikosea sema mapema, sema kwa sauti, na usitafute mlima wa kusingizia, kwa sababu uongo unaomwambia mteja leo utauleta hapa nyumbani, na siku moja utamwambia mke wako, na mwanao atakuwa anasikiliza. Usifungue kitu kikiwa bado cha moto, iwe rejeta au hasira ya mtu. Mwache Mama Nuru akutukane. Akimaliza, litakuwa limepoa.

Na toka leo, gari likitoka gereji yako, wewe panda.

Mungu wa baba yako akutangulie mlima ule, mwanangu. Aibariki mikono yako kama alivyoibariki ile iliyokulea, akupe njia njema ya kwenda na kurudi, na akujalie watu wa kusema ulibaki nao. Dumu la maji nimelijaza, liko mlangoni. Chai ya Mama Nuru nimeitia kwenye chupa, usisahau kikombe.

Injini itakuwa imepoa sasa. Washa simu.