Jezi Nane za Luvanda

Kuna aibu ambayo ikinijia nikiwa naosha vyombo naachia sufuria na kusema "Mungu wangu!" kwa sauti, mpaka mama anauliza kutoka sebuleni kama nimejikata, na mimi namjibu hamna kitu mama, wakati kitu kipo na kina jina, kinaitwa Elia Luvanda, kijana ambaye hata hajawahi kuzaliwa.

Ngoja nieleze vizuri msije mkaniona chizi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbalizi, naitwa Tusekile, Tuse kwa kifupi, na ugonjwa wangu ni gemu moja ya mtandaoni ya mpira wa kikapu, ile ambayo huchezi wewe, unakuwa mwenye timu, unasajili, unapanga kikosi, unaamua nani afanye mazoezi, halafu unasubiri mechi kama unasubiri matokeo ya mtihani. Wachezaji wenyewe si watu, ni majina na namba zilizotungwa na kompyuta. (Shoga yangu wa saluni alinikuta siku moja natoa machozi akaniuliza, "Sasa unamlilia nani, kwani kuna mtu?") Tuko saba tunaoicheza huku Mbeya na Iringa, wanaume sita na mimi, tuna kundi letu kwenye simu, na mkubwa wetu alikuwa Kaka Nuhu wa Mlandege, muuza spea za pikipiki, mtu mpole, ambaye ndani ya gemu tulimpigia kura akawa kocha wa timu ya taifa ya vijana.

Timu hiyo ya vijana ilikuwa na ugonjwa mmoja, ufupi. Kila mashindano tunaondolewa raundi ya kwanza, tena kwa kufungwa chini ya kikapu kama hatupo. Kaka Nuhu alikuwa amebakiza misimu mitatu tu kwenye hicho kiti chake, na alichokuwa anakitaka ni kimoja, kuvuka raundi ya kwanza hata mara moja kabla hajaondoka.

Sasa kila msimu ukianza, gemu inakuletea vijana wapya watatu kwenye timu yako, na msimu ule mimi nikaletewa Luvanda, miaka kumi na nane, urefu mita mbili na kumi na mbili, na kipaji kimejaa mpaka juu. Nilipomrusha kwenye kundi watu walichanganyikiwa. Chaula, mwalimu wa hesabu ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema kijana kama huyo apelekwe kwa mtu anayejua kulea, siyo kwangu. Kaka Nuhu akatuma sauti: "Dada Tuse namdhamini mimi. Akiharibu, mniulize mimi."

Mngejua nilivyovimba kichwa siku hiyo.

Lakini kwenye wale watatu kulikuwa na mwingine, mfupi, mita moja na sabini na tano, kipaji cha kuokoteza, na huyo anaitwa Ambakisye, na jina la ukoo sasa, yote mawili kama ya marehemu baba yangu, herufi kwa herufi. Nikaenda nayo simu mpaka kwa mama alikokuwa anachagua maharage, nikamwambia, "Mama, baba amekuja kwenye timu yangu." Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka maharage yakamwagika, kisha akanitazama juu ya miwani akasema, "Haya Tuse, utamweka baba yako benchi, halafu huyu Luvanda, mtoto wa Kihehe, ndiye afundishwe?"

Na kwetu jina si mchezo. Kaka yangu ana mtoto aliyerithi jina la mzee, ana miaka minne, na mama anamwita mume wangu, na mimi namwamkia shikamoo baba. (Anaitikia marahaba, tena bila aibu, huku kamasi zinamtoka.) Kwa hiyo kumweka Ambakisye benchi niliona kama kumnyanyua mzee kwenye kiti chake mbele za watu.

Nafasi ya mazoezi ya chini ya kikapu ni moja kwa kila timu, anayeipata anapanda, namba zake za ujuzi zinatoka moja kuelekea kumi, asiyeipata anabaki alivyo. Nikambonyeza Ambakisye. Nikajiambia ni msimu mmoja tu, heshima kwa mzee, msimu unaofuata namweka Luvanda.

Wiki hiyohiyo Kaka Nuhu akapiga. "Mdogo wangu, mrefu wetu anaendeleaje?"

"Anapanda, kaka."

Mnaona lilipoanzia? Ningesema ukweli pale ningechekwa siku moja yakaisha. Lakini namba za mchezaji anaziona mwenye timu peke yake, wengine wanaona jina na urefu tu, basi uongo ukapata pa kulala. Msimu ukaisha, wa pili ukaja, nikishika simu nimbadilishe naye mama anauliza, "Baba yako kashinda leo?" nami naiweka simu chini. Kila wiki Kaka Nuhu anauliza na kila wiki mimi "anapanda, kaka". Tukafika msimu wa tatu, wa mwisho kwake, na wa mwisho kwa Luvanda kuruhusiwa timu ya vijana, maana umri nao ulikuwa unakwenda.

Ndipo Kaka Nuhu akaniagiza jezi. Alitaka tukutane wote Ipogolo, kulekule Iringa, kwenye mgahawa wa mke wake pale barabarani, tuangalie mechi ya kwanza pamoja kwenye runinga, na akataka jezi nane, zetu saba na ya mke wake, zote ziandikwe LUVANDA mgongoni. Jamani, nilizishona! Ningeweza kusema cherehani imekufa, ningeweza kusema naumwa. Nilikata herufi moja moja huku najua, na kwa vile nina akili nyingi nikaongeza na pindo la rangi ya dhahabu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mgahawa umejaa madereva wa malori wanakula wali, na sisi tumekaa tumevaa, kila ukigeuka Luvanda, Luvanda, Luvanda. Kaka Nuhu akaunganisha simu na runinga kubwa ya ukutani. Kocha wa taifa akishamwita mchezaji, namba zake zote zinafunguka, na yeye alikuwa hajamwita bado kwa makusudi, alitaka tuzione wote kwa pamoja. Mimi jasho linanitiririka na baridi yote ile ya Iringa.

"Kaka, si tule kwanza?" nikasema.

"Chakula hakina miguu, dada Tuse." Akabonyeza.

Namba zikafunguka. Moja, mbili, moja, moja. Zilezile za siku aliyoletwa.

Kaka Nuhu akacheka kidogo akasema mtandao huu bwana, akafunga akafungua tena. Moja, mbili, moja, moja. Chaula akasimama akasogea mpaka kwenye runinga kama anasahihisha daftari. "Mtandao hauna kosa. Huyu hajafanya mazoezi hata siku moja. Dada, misimu mitatu ulikuwa unamlea au umemfungia kabatini?"

Dereva mmoja akauliza na wali mdomoni, "Kwani Luvanda ni nani kati yenu?"

Nikasema. Ilibidi niseme. "Nilimfundisha mwingine. Ana jina la baba yangu."

Wakataka kumwona huyo baba. Kaka Nuhu akamwita naye, akafunguka ukutani: kuzuia chini ya kikapu, kumi kamili; urefu, mita moja na sabini na tano. Chaula akasema, "Mzee kafundishwa kuzuia mpira ambao hata upepo wake haumpati!" Mgahawa ukalipuka, madereva wanapiga meza, mpaka mimi mwenyewe nikajikuta nacheka, halafu nikamwona Kaka Nuhu hacheki. Alikuwa anavua jezi. Akaikunja polepole, akaniwekea mapajani.

"Jina la baba ningelielewa," akasema. "Hata mimi nina baba. Ile 'anapanda, kaka' ya kila wiki ndiyo siielewi."

Tulifungwa, chini ya kikapu kama kawaida, raundi ya kwanza. Baada ya wiki mbili muda wake ukaisha, akaandika kwenye kundi "Asanteni ndugu zangu, tumecheza vizuri," akatoka. Na ndiye aliyenidhamini mimi.

Nilipomsimulia mama alishika mdomo. "We mtoto! Mimi si nilikuwa nakutania? Baba yako yule, aliyekuwa anampisha kila mtu kiti mpaka anasikiliza mahubiri amesimama, leo amzibie mtoto wa watu nafasi?" Hapo ndipo nililia kweli, na safari hii nilijua namlilia nani.

Nimeapa. Siku hizi vijana wapya wakiletwa nachukua kipande cha kitambaa cha bitana nafunika upande wa majina, nasoma urefu na kipaji tu, nachagua, ndipo nafunua. Msimu huu nimepata mmoja wa mita mbili na kumi, kila wiki yuko mazoezini. Kaka Nuhu nikimpigia anapokea, hana kinyongo, tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua na za watoto, halafu tunaagana. Hajaniuliza tena mrefu anaendeleaje. Natamani aniulize hata mara moja, maana huyu kweli anapanda.