Nyayo za Ghorofa ya Sita

Mtoto wa miaka minne humzimi kama redio. Bae Malsun hakuhitaji kuambiwa hilo, maana alilea wanawe katika nyumba ya kijijini yenye ua, wakakimbia humo mpaka kuku wakakosa raha. Lakini mjukuu wake Daon hakuwa na ua. Alikuwa na sakafu ya nyumba namba 602, na chini ya sakafu hiyo aliishi mama wa 502.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Chekechea ya Daon ilikuwa katika ghorofa ya chini kabisa ya jengo la jirani. Ikaingia maji, ikafungwa mpaka mvua zikatike. Baba wa mtoto, Gicheol, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha meli huko kusini, akionekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama wa mtoto alikwishajiondokea zamani. Kwa hiyo bibi na mjukuu walibaki wamefungiwa ndani, wao na ile simu ya ukutani.

Simu hiyo Malsun aliichukia kuliko kitu chochote. Ilitoka kwa mzee Pyo, mlinzi wa getini, na ikilia ujue kuna mtu kalalamika. Pyo alikuwa mpole, akiomba radhi kwanza ndipo aseme, na alichosema kilikuwa kilekile: wa chini anasema mtoto anakimbia.

Malalamiko yalipozidi, ofisi ya jengo ikampigia Gicheol, ikamwambia mama wa 502 anataka kwenda mahakamani. Nyumba yenyewe ni ya kupanga. Gicheol akaogopa, akamwekea mama yake sharti. Likitokea lalamiko jingine kabla ya masika kwisha, anampeleka Daon Haenam, kwa mama yake mkubwa, dada wa yule mama aliyeondoka, kwenye nyumba ya chini yenye uwanja. Haenam ni mwisho wa nchi, na huyo mama mkubwa na Malsun hawakupatana tangu siku ya harusi ya Gicheol. Malsun alijua mtoto akienda huko, yeye atabaki bibi wa kwenye simu.

Basi akapiga moyo konde. Alitandika mikeka minene ya sponji kutoka mlangoni mpaka jikoni, akamvisha mtoto soksi mbili mbili. Asubuhi walicheza wezi: unatembea kwa ncha za vidole, na mwenye kusikika kwanza anakamatwa. Daon aliupenda mchezo huo mpaka siku aliyouliza kama wezi huwa hawapewi likizo. Walijenga hema la mablanketi, wakaoga mchana wakielesha vikombe kwenye beseni, wakamenya vitunguu saumu ambavyo havikuwa na kazi. Jioni ilikuwa karata za maua. Utamu wa karata zile ni kuzibamiza juu ya blanketi, kila Mkorea anajua, lakini Malsun alimfundisha mtoto kuzilaza polepole kana kwamba zina usingizi. Mchezo ulipooza kama chai ya jana. Mtoto alicheza tu, kwa sababu bibi yake alikuwa anamtazama usoni.

Na mvua haikukatika. Kuna asubuhi Malsun alifungua pazia, akaona maji yaleyale yakiteremka kwenye kioo kilekile, akakaa chini sakafuni akakosa nguvu za kuinuka. Alikuwa amechoka, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amechoka. Daon alikuja akakaa karibu yake bila kusema neno. Alikuwa anajifunza haraka, na hilo lilimuumiza bibi yake zaidi ya kelele zozote.

Siku za mvua watu wa kule hukaanga chapati za mboga; wanasema mlio wa mafuta ni mlio wa mvua. Alasiri moja Malsun alikuwa jikoni na kikaango, kaipa sebule mgongo, na Daon nyuma yake kapewa bakuli la unga akoroge. Mafuta yalikuwa yanalia kweli kweli. Simu ya ukutani ikalia juu yake.

"Bibi, unisamehe sana," alisema Pyo. "Anasema hivi sasa. Anaruka, anasema, kama anaruka kutoka kitandani."

Malsun akazima moto, akageuka. Daon alikuwa amekaa na bakuli lake.

"Uliruka?"

"Sijaruka, bibi."

"Usinidanganye, Daon. Wameshapiga."

"Nilikuwa nakoroga."

Malsun akampiga kofi la paja. Hakuwahi kumpiga kabla ya siku ile. Mtoto hakutoa sauti. Alilia mdomo kaufunga, mabega yakitikisika, kwa kuwa hata kilio alishafundishwa kisisikike chini. Malsun aliona, na bado hakumwamini. Juu ya 502 si ni 602? Kelele itoke wapi tena?

Alipanga chapati kwenye sahani nzuri, akashuka nazo. Mama wa 502 alifungua mlango kitambaa kimefungwa kichwani, macho mekundu. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Malsun aliinama mpaka kiuno kikamuuma, akamwomba siku nyingine aseme na yeye kwanza kabla ya kwenda ofisini.

"Nimeshasema nao," yule mama alijibu. "Mimi pia ni mtu, bibi. Silali." Jioni ile sahani ilikutwa nje ya mlango wa 602, chapati zote juu yake, zimepoa.

Gicheol alikuja Jumamosi. Hakugombana na mtu. Alipakia nguo za mtoto, akasema ni kwa faida ya kila mmoja, akamwomba mama yake asilie mbele ya Daon. Malsun hakulia. Alimfunga mtoto vifungo vya koti la mvua, akavikosea, akavifungua akavifunga upya, mpaka Gicheol akamshika mkono.

Jumatatu mvua ilikuwa bado inapiga. Malsun alikuwa amekaa kwenye mkeka wa sponji, hajala, televisheni haikuwashwa. Simu ya ukutani ikalia.

"Bibi, unisamehe," alisema Pyo. "Wa chini anasema mtoto anakimbia tena."

Alitundika simu, akafunga mlango, akashuka ngazi na ndara zake, akagonga. Mama wa 502 hakumpa nafasi ya salamu. Alimvuta mkono mpaka katikati ya sebule, akanyoosha kidole darini.

"Sikiliza mwenyewe leo."

Malsun akasikia. Tu, tu, tu, kisigino cha mtoto, kutoka pembe mpaka pembe, kisha kishindo cha kuruka.

"Umesikia? Bado utanikatalia?"

"Hapo juu ni kwangu," alisema Malsun. "Nyumba nimeifunga sasa hivi. Mtoto alichukuliwa Jumamosi."

Yule mama alitazama dari, akamtazama Malsun, akatazama dari tena. Kidole chake kilikuwa bado hewani. Nyayo zikapita juu yao mara nyingine, zikirudi, na wanawake wawili wakasimama hapo wakizisikiliza.

Baadaye Pyo alieleza kwamba majengo haya ya zamani yana tabia hiyo: sauti hutoka ubavuni au ghorofa mbili juu, ikapita ndani ya nguzo, ikaangukia inakotaka. Alieleza kwa utulivu, kama anayeeleza habari za mabomba. Malsun alimuuliza mbona hakusema mapema. Pyo alisema hakuulizwa.

Malsun akampigia Gicheol. Vyuma vilikuwa vikilia nyuma yake. Gicheol alisema Daon ameshaandikishwa chekechea ya huko, ruhusa nyingine kazini hapati, na mtoto si mzigo wa kupelekwa huku na kurudishwa. "Lililotokea limetokea, mama," alisema.

Malsun akameza kiburi chake, akapiga Haenam. Mama mkubwa alipokea kwa sauti kavu, kisha ikalainika kidogo, maana alikuwa na lake la kuuliza. Mvua imekatika kwao, alisema, uwanja wote umekauka, watoto wa jirani wanamwita, na huyu mtoto hatoki. Amekaa tu kizingitini na soksi zake mbili mbili. Je, anaumwa? Malsun akaomba apewe mtoto mwenyewe.

Daon alisemea karibu sana na simu, kwa kunong'ona.

"Bibi, huku sijakimbia hata kidogo. Sasa naweza kurudi?"